Amina Tatu za Nchi ya Itikio

Nchi ya Itikio haimo katika ramani yoyote ambayo Mwalimu Nakiete aliwahi kuitundika ubaoni, na katika miaka yote aliyofundisha jiografia hakuna mwanafunzi aliyemuuliza habari zake. Namna alivyofika huko haina maana kubwa. Inatosha kusema kwamba alikuwa likizoni, kwamba alipenda mahali penye utaratibu, na kwamba asubuhi moja alijikuta mbele ya lango jeupe la mbao, askari mwenye uso wa matanga akimtazama kutoka dirishani.

"Bwana asifiwe," akasema askari yule kwa huzuni.

"Amina," akajibu Nakiete.

"Bwana asifiwe tena."

"Amina."

"Na tena."

"Amina."

"Pita, mama. Umekwisha kukaguliwa."

Askari huyo aliitwa Shangilieni. Katika Itikio watoto hupewa majina ya kuamrisha furaha tangu siku ya kuzaliwa, na Nakiete alikuja kutambua kwamba wengi wao hutumia maisha yao yote kutafuta namna ya kutoyatii.

Nchi yenyewe ni bonde moja refu. Juu kabisa kuna msitu ambao wenyeji huuita Nyusi, kwa kuwa umeinama juu ya chemchemi iitwayo Jicho. Kutoka Jichoni maji huteremka hadi bwawa la Mianzini, ambamo Waitikio tangu mababu wamebatizwa kwa kuzamishwa, kisha hugawanyika katika mifereji kwenda mashambani. Mto mwingine hakuna. "Mungu alitupa jicho moja," walimwambia mgeni wao kwa fahari, "ili tusikodolee la jirani."

Nakiete alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wake huko milimani Upareni, na alikulia penye mabwawa yaliyochimbwa na mababu, ambayo watu huyazibua tope kwa zamu. Asiyefika siku ya zamu yake hutungiwa wimbo, na wimbo huo humfuata mpaka kwa wakwe. Kwa hiyo habari za maji alizielewa. Alilokuwa hajapata kulielewa, wala kuliona popote, ni Sheria ya Amina Tatu.

Sheria hiyo imechongwa juu ya mlango wa Baraza, nayo inasema hivi: kila neno la kweli likinenwa mbele ya watu, sharti waliitikie Amina mara tatu. Amina ya kwanza ni ya kulisikia, ya pili ni ya kulikubali, ya tatu ni ya kulifunga. Neno lililofungwa limetimia. Kulirudia ni kumshuku Mungu. Kulitekeleza ni kumharakisha. Chini yake wazee wa zamani waliongeza vifungu viwili. Cha kwanza chasema kwamba neno likiwa wazi, yaani bado halijafungwa, shoka lisiinuliwe wala kazi mpya isianzwe. Cha pili chasema kwamba neno likiwa wazi, mtu asile chakula cha mchana. Wanahistoria wa Itikio wanakubaliana kwamba kifungu cha pili ndicho kilichoifanya nchi yao iwe na imani nyepesi kuliko zote ulimwenguni.

Mgeni alipewa malazi nyumbani kwa Mpimaji Mkuu, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, jina lake Tafakari. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha Jicho, unyevu wa udongo wa Nyusi na mwendo wa maji mferejini, kisha kutoa taarifa Barazani mara moja kwa mwaka. Bahati ilikuwa kwamba taarifa ya mwaka huo ilitolewa siku iliyofuata.

Nakiete alikwenda na wasiwasi wake. Huko alikotoka, alikuwa amewaona waumini wanaonuna wakisikia neno utafiti, na alikuwa amewaona pia watafiti wanaotabasamu kwa upande mmoja wa mdomo wakisikia neno sala. Alijiandaa kuona ugomvi. Alichokiona kilimtoa machozi. Tafakari aliletwa Barazani amebebwa kwenye kiti chenye miguu mirefu, shingoni amevikwa shada la maua ya mlimani, fimbo yake ya kupimia ikitangulia mbele juu ya mto wa hariri. Watu wakasimama. Mwitikishi Mkuu, Baba Furahini, mtu mnene mwenye joho la zambarau na sauti ya asali, akainua mikono.

"Wapendwa, tuisikilize elimu! Elimu ni zawadi ya Muumba. Asiyeiheshimu elimu amemvunjia heshima aliyeitoa."

"Amina!" likanguruma Baraza.

Tafakari akasema kwa sauti tulivu kwamba kina cha Jicho kimepungua kuliko wakati wowote uliokumbukwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Akasema kwamba ukingo wa chini wa Nyusi umekatwa kuni kupita kiasi, na udongo wake haushiki tena maji ya mvua. Mzee mmoja akapiga magoti na kulia. Akasema kwamba mwaka mwingine kama huu ukipita, mifereji itakauka. Hapo kwaya ikasimama, kwani taarifa ilikuwa imekwisha kutungiwa muziki: soprano wakapanda na kina cha Jicho, tena wakateremka nacho, na besi wakajibu kutoka chini kabisa, "Mianzini, Mianzini, limebaki, limebaki chozi."

"Amina!" wakasema watu, wakifuta nyuso.

"Amina!"

"Amina!"

Nakiete naye aliitikia zote tatu, tena kwa nguvu, na akajisemea moyoni kwamba hatimaye amefika mahali ambapo imani na maarifa vimekaa kwenye benchi moja. Kisha akageuka kumtazama jirani yake na kumkuta amekwisha kuondoka. Wote walikuwa wanaondoka. Kutoka nyuma ya Baraza ilikuwa ikija harufu ya wali wa nazi.

"Walilia," akamwambia Tafakari jioni, wakichambua mchele uani.

"Hulia kila mwaka, Mwalimu. Mwaka juzi walilia zaidi. Tulikuwa na kwaya mbili."

"Kisha wakafanya nini?"

"Wakala."

Nakiete akatupa kijiwe nje ya ungo. "Lakini wanakuamini."

"Wananiamini kabisa," akasema Tafakari. "Mtu asiyeniamini ningeweza kumshawishi. Wewe ungemfanya nini mtu aliyekwisha kukubali?"

Siku tatu baadaye Baraza lilikutana tena, na ndipo Nakiete alipoelewa ni nini hasa kilichomnyima mwenyeji wake usingizi. Ajenda ilikuwa ujenzi wa Ukumbi wa Shukrani kwa Msitu. Waitikio walikuwa wameguswa mno na taarifa za miaka iliyopita hata wakaazimia kujenga ukumbi mkubwa wa mbao ambamo wangemshukuru Mungu kila Jumamosi kwa zawadi ya miti. Ramani ilikuwa tayari. Shoka lilikuwa limekwisha kubarikiwa, limefungwa utepe mweupe, limelazwa mezani kama mtoto wa kutahiriwa. Lililobaki lilikuwa suala dogo la mahali pa kupata mbao.

"Nyusi," akasema Baba Furahini. "Tutapata wapi mbao zenye shukrani zaidi?"

Tafakari akasimama bila kubebwa. Akaeleza, kwa maneno machache, kwamba mizizi ya Nyusi ndiyo inayolishika Jicho, na kwamba wakiikata, ukumbi utakapomalizika hapatakuwa na maji ya kuwanywesha watakaokuja kushukuru.

Hapo akainuka Mzee Tumsifu. Huyu alikuwa mkongwe kuliko wote Barazani, mwenye ndevu nyeupe na goti bovu, na sifa yake bondeni ilikuwa moja: hakuwahi kusema uongo, hata wa adabu. Ukimuuliza kama chakula kimenoga, unajiandaa.

"Binti yangu," akasema, "mimi sikupingi kwa chuki. Nakupinga kwa hofu ya Mungu. Katika Maandiko kuna mfalme aliyehesabu watu wake, na tauni ikaja. Kuhesabu ni kuonyesha kwamba humtegemei aliyetoa. Unapokwenda na fimbo yako kila mwezi kupima Jicho, ni kama mtoto anayepima unga jikoni kwa mama yake. Mama ataonaje?"

"Amina!" watu wakasema.

"Baba yangu," akajibu Tafakari, "nakuheshimu. Lakini katika Maandiko hayo hayo kuna mzee mmoja aliyejenga safina. Aliambiwa urefu, akaambiwa upana, akaambiwa kimo, kwa dhiraa. Angejenga kwa kukisia, leo tusingekuwa hapa kubishana. Na mama mwenye watoto wengi, Baba, hupima unga kila siku. Hapimi kwa kumshuku aliyempa. Anapima kwa sababu kesho kuna kula."

"Amina!" watu wakasema, kwa nguvu ile ile.

"Aminaaa!" akaimba Baba Furahini. "Wapendwa, tumesikia hekima mbili."

Basi wakaitikia mara tatu kwa Mzee Tumsifu, wakaitikia mara tatu kwa Mpimaji Mkuu, neno na kinyume chake vyote vikafungwa siku moja, na watu wakaenda kula ndizi nyama. Ikatangazwa kwamba mkutano wa mwisho utakuwa Alhamisi. Baada ya sala ya kufunga, shoka litapanda Nyusi.

Nakiete hakula sana. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi, na kuna jambo lililomkera ambalo hakuweza kulitaja mpaka walipofika nyumbani.

"Tafakari, nikuambie siri ya ualimu. Darasani kwangu, mwanafunzi anayeitikia 'Ndiyo, Mwalimu' kwa kila sentensi ndiye ninayejua hakusikia hata moja. Huwa simgombezi. Humuuliza swali."

"Swali?"

"Ndiyo. Fupi, linalomhusu yeye."

"Barazani hatuulizi," akasema Tafakari. "Si marufuku. Haijapata kutokea tu."

"Na swali likiulizwa, mtu huitikiaje Amina?"

Kwa mara ya kwanza tangu Nakiete afike, Mpimaji Mkuu alicheka.

Alhamisi ilifika. Watu walikuja na ngoma, kwa maana ilikuwa siku ya shangwe, na wapishi nyuma ya Baraza walikuwa wamechinja. Shoka lilimeremeta juu ya meza. Tafakari aliletwa juu ya kiti chake na Baba Furahini akamkaribisha atoe neno la kuaga msitu, "kwa takwimu kidogo, dada yetu, zile za kugusa moyo."

Tafakari akashuka kitini. Akayavua mashada shingoni, akayaweka kando ya shoka.

"Sina takwimu leo. Nina swali. Mzee Tumsifu, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu."

"Mzee, wewe ulibatizwa wapi?"

"Amina!" wakasema watu watatu au wanne waliokuwa wamezoea kuwahi, kisha wakatazamana.

"Mianzini," akasema Mzee Tumsifu. "Mimi, na baba yangu, na baba wa baba yangu. Maji yalikuwa baridi, nikamng'ata mchungaji."

Watu wakacheka. Tafakari akangoja.

"Na mjukuu wako Imbeni, Jumapili hii, atabatizwa wapi?"

"Mianzini. Nimesema mimi mwenyewe. Habari ya kubatiza kwa beseni mlangoni pa Baraza, eti kwa muda, sikuipenda tangu mwanzo. Mjukuu wangu atazamishwa."

"Bwawa lina maji, Mzee?"

Mzee Tumsifu alifungua kinywa. Kila mtu bondeni alijua kwamba kinywa kile hakiwezi kutoa kitu kisichokuwa kweli, na wote wakakitazama kama watu wanaotazama mlango unaogongwa. Alifikiri. Alilishika goti lake ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limemzuia kuteremka njia ya mianzi.

"Sijui," akasema.

"Amina!" akapaza Baba Furahini haraka. "Amina, wapendwa! Unyenyekevu ulioje! Ya pili..."

"Usiseme Amina, Baba," akasema Mzee Tumsifu. "Sijajibu."

"Mzee wangu, umejibu kwa uzuri sana."

"Nimeulizwa kama bwawa lina maji. Nimesema sijui. Hilo ni jibu la mahali nilipo, si jibu la bwawa."

Kukawa na minong'ono. Kutoka nyuma sauti ikauliza, "Sasa tuitikie nini?"

"Itikieni chochote, nyama inaungua!"

"Huwezi kuitikia 'Sijui', wewe. Hebu jaribu uone."

Mtu yule akajaribu. Ilisikika vibaya, akakaa chini.

"Mimi nadhani halina," akasema mama mmoja wa upande wa wanawake, kwa sauti ndogo. "Mbuzi wangu hulala mle."

"Na ulikuwa unajua, Mama Tukuzeni?" akauliza Mzee.

"Kila mtu wa kwetu kule anajua, Mzee. Lakini neno lilishafungwa mwaka juzi. Nani arudie neno lililofungwa?"

"Mbona mimi sikulisikia?"

"Lilikuwa kwenye wimbo," akasema Tafakari kwa upole. "Besi."

Mzee Tumsifu akawageukia besi, ambao wakatazama viatu vyao. "Mianzini, Mianzini," akasema polepole. "Nilidhani ni maneno ya kupamba tu."

Akachukua fimbo yake. Baba Furahini akamkumbusha kwamba hakuna aliyewahi kutoka Barazani neno likiwa wazi, kwamba wali utapoa, kwamba shoka limebarikiwa na baraka nayo huchacha. Mzee akajibu kwamba yeye ana miaka mingi kuliko shoka. Akatoka. Watu wakabaki wamesimama katika utaratibu wao mzuri, safu kwa safu, wasijue la kufanya, mpaka Mama Tukuzeni aliposema, "Mkongwe yule ataanguka kwenye ile njia," akamfuata. Na Waitikio, ambao hawakuwa watu wabaya, wakafuata wote ili wamshike mkono. Nakiete alikwenda nao.

Njia ya mianzi ilikuwa imefungwa na magugu. Upande wa pili wake ngazi za mawe ziliteremka kwa adabu, moja baada ya nyingine, hadi kwenye tope kavu lililopasuka kama kisigino. Mbuzi wawili walilala katikati, wakatafuna, wakawatazama wageni wao.

Mzee Tumsifu akateremka ngazi zote. Goti lilimuuma, na watu walisikia kila hatua. Akafika katikati ya bwawa, mbuzi wakampisha. Akasimama mahali ambapo, akiwa mtoto, alikuwa amemng'ata mchungaji. Kisha akafanya jambo ambalo Nakiete hakulisahau: akaukunjua mkono wake na kuuweka kifuani, akautazama, akaupandisha kidogo, mpaka akaridhika.

"Yalimfika mchungaji hapa," akasema. "Hapa hasa. Chini kidogo ya kola."

Tafakari alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu.

"Umepima, Mzee," akasema.

"Nimekumbuka tu."

"Ndipo tunapoanzia, Mzee. Tunakumbuka palipofika, kisha tunatazama palipo."

Mzee akautazama tena mkono wake, kana kwamba umemsaliti. "Sasa nilitaka kulikata Jicho nyusi zake," akasema, "ili nipate pa kumshukuru Mungu kwa kuona." Akainua uso kwa Baba Furahini, aliyekuwa ameshika pindo la joho lake lisichafuke. "Baba, Mungu alipomwita yule mtu wa kwanza bustanini, baada ya lile tunda, alisemaje? Alimuuliza yuko wapi. Kama yule mtu angejibu Amina, tungesema nini juu yake?"

Baba Furahini akasema kwamba hilo ni jambo zito la kuliombea. Tumbo lake likasema jambo jingine, na watu wa karibu wakalisikia.

Siku ile chakula kililiwa jioni, kimepoa, neno likiwa wazi, jambo lisilowahi kutokea. Shoka halikupanda. Asubuhi iliyofuata watu kadhaa walionekana kwenye ukingo wa Nyusi wakiwa na majembe, wamesimama tu. Walikuwa wamefika kupanda miche, kisha wakakumbuka kwamba kazi mpya nayo haianzwi neno likiwa wazi. Tafakari aliwaambia kwamba kufukia shimo alilochimba baba yako si kazi mpya. Wakalifikiria hilo. Baadhi wakapanda.

Lakini mtu asiidhanie nchi ya Itikio vibaya: haikukosa wataalamu wa sheria. Kabla ya Jumapili Baba Furahini alikuwa amegundua kwamba neno linaweza kufungwa hata nje ya Baraza, iwapo kila aliyelisikia atatoa Amina yake mahali alipo, isipokuwa muulizaji na muulizwaji, ambao hawahesabiwi. Akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba. Alikuwa mtu wa kupendeka. Alisalimia watoto kwa majina, akaombea wagonjwa, akabariki vyungu, na mwishoni mwa kila sala aliongeza, kwa sauti nyororo, "...na lile neno la bwawa, Bwana, ulifunge kwa amani," na watu wakasema Amina kabla ya kuelewa wamesema nini. Mama Tukuzeni alisema yake akiwa anakamua mbuzi. Hata waliopanda miche walisema. Jumamosi jioni ilikuwa imebaki Amina moja katika nchi nzima, nayo ilikuwa ya mgeni.

Tafakari ndiye aliyemletea habari hiyo. Hakumwomba kitu. Alimsaidia kufunga mzigo, kisha akasema, "Ukiondoka bila kuisema, neno linabaki wazi. Ukiisema, shoka linapanda Jumatatu. Nakwambia tu jinsi lilivyo, Mwalimu. Ndiyo kazi yangu."

"Si jambo gumu," akasema Nakiete. "Nitanyamaza."

Lakini alipolala alijua kwamba ni jambo gumu. Mdomo wake ulikuwa umelelewa katika ibada tangu utotoni. Ulijua kuitikia kabla haujajua kutafuna. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiacha sala ya mtu ikining'inia hewani.

Jumapili asubuhi alimkuta Baba Furahini langoni. Alikuwa amekuja peke yake, na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Chapati zilikuwa bado za moto, na chini yake kulikuwa na kuku. Shangilieni aliegemea dirisha lake, akivuta harufu hiyo kwa uchungu wa mtu asiyealikwa.

"Mpendwa mgeni wetu," akasema Baba Furahini, "siwezi kukuacha uende bila sala ya safari. Wewe ni mzee wa kanisa, unajua."

"Najua, Baba."

Wakainamisha vichwa. Na lazima isemwe kwa haki kwamba ilikuwa sala nzuri. Aliiombea njia yake. Akaiombea shule yake, akawaombea wanafunzi wake wenye ada na wasio na ada. Aliuombea usharika wake milimani na yale mabwawa ya mababu zake, akayataja kana kwamba aliyaona. Aliwaombea marehemu wazazi wake wakumbukwe. Sauti ilipanda kama mwali wa mshumaa, ikateremka, ikafika mahali ambapo kila Mkristo duniani hujua kwamba sentensi moja tu imebaki.

"...na lile neno la bwawa, ee Bwana, ulifunge kwa amani. Na watu wako wote waseme..."

Akangoja.

Nakiete alisikia neno likija. Lilipanda kutoka kifuani lenyewe, kwa utaratibu, kama wanafunzi wanaosimama mwalimu anapoingia. Midomo ilikwisha kufunguka. Ulimi ulikwisha kukaa mahali pake. Shangilieni aliinua kichwa. Upande wa juu wa bonde, Nyusi ulikuwa umetulia, wa kijani kibichi, na chini yake lilikuwapo Jicho ambalo hakuwa ameliona, ila aliliamini kwa sababu mtu mwaminifu alikwenda akaliona.

Akaung'ata ulimi.

"Baba," akasema, "na wewe ulibatizwa wapi?"

Baba Furahini akafumbua macho. Kwa muda alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Mimi? Mianzini. Wote tulibatizwa Mianzini."

"Ulizamishwa na nani?"

"Na baba yangu. Alikuwa Mwitikishi kabla yangu." Akatabasamu bila kukusudia. "Niliogopa maji. Aliniambia nishike ndevu zake."

"Siku ile ya mbuzi ulisimama juu, Baba, joho mkononi. Uliziona zile ngazi za chini?"

Baba Furahini alitazama kikapu, akatazama lango, akatazama ile njia inayoteremka kwenye mianzi, ambayo kutoka pale langoni inaonekana vizuri. Nakiete hakuongeza kitu. Kuna wakati mwalimu akisema neno moja zaidi, anamwibia mwanafunzi jibu lake.

"Subiri kidogo," akasema Baba Furahini.

Akaweka kikapu chini. Akateremka kwa njia ile, polepole kwanza, akinyanyua joho. Kisha akaliachia likaburutika.

Shangilieni alimfuata kwa macho mpaka mianzi ilipomfunika. Akatoka nje, akakitazama kikapu, akamtazama mgeni.

"Mama, lango liko wazi," akasema kwa huzuni yake. "Hakuna wa kukuzuia. Unapita au hupiti?"

Nakiete aliuweka mzigo wake chini kando ya kikapu, akaketi juu yake, akapanga sketi yake magotini.

"Nimeuliza swali," akasema. "Nangoja jibu."

Askari akafikiri juu ya hilo. Harufu ya chapati ilikuwa inapanda kati yao, na hapakuwa na mtu wa kulifunga neno ili wale. Mwisho akaketi naye, upande wa pili wa kikapu, na wote wawili wakaigeuzia uso njia ya Mianzini.